Schiller, daktari aliyekatazwa kuandika

Wanafunzi wangu huniuliza, tena mara nyingi, fasihi itawapa kazi gani. Badala ya kuwajibu moja kwa moja, huwasimulia habari za Friedrich Schiller, Mjerumani aliyezaliwa Marbach mnamo 1759.

Kijana huyu alitamani kuwa kasisi. Karl Eugen, mtawala wa Württemberg, hakuwa mtu wa kupingwa. Mwaka 1773 alimtia katika shule yake ya kijeshi, akiwa na umri wa miaka 13. Humo alisomea sheria, kisha udaktari, huku akiandika kwa siri tamthilia ya Wanyang'anyi. Ilipoigizwa Mannheim, Januari 1782, watazamaji walipagawa. Schiller, ambaye wakati huo alikuwa daktari wa jeshi mwenye mshahara duni, alivuka mpaka bila ruhusa ili aitazame kazi yake mwenyewe. Alipokwenda tena, mtawala alimfunga siku 14, kisha akampiga marufuku asiandike lolote lisilohusu udaktari. Septemba mwaka huohuo alitoroka usiku pamoja na rafiki yake mwanamuziki, Andreas Streicher.

Urafiki wake na Goethe, ulioanza 1794, unajulikana mno, siurudii hapa.

Mtu wa namna hii ungemtarajia ayashangilie Mapinduzi ya Ufaransa hadi mwisho. Wafaransa wenyewe walimpa uraia wa heshima mwaka 1792. Lakini damu iliyomwagika Paris ilimtia simanzi. Katika barua alizozichapisha mwaka 1795, juu ya malezi ya binadamu kwa njia ya sanaa, alishikilia kwamba watu walionolewa akili na kuachwa na mioyo migumu hawawezi kuutunza uhuru. Sharti hisia zao zifunzwe kwanza, na mwalimu wa hisia ni uzuri. Wapo wanaomlaumu kuwa alikimbilia ushairi ili akwepe siasa. Sikubaliani nao, ingawa nakiri kwamba mwenye njaa hangojei kuhitimu masomo ya uzuri ndipo adai haki yake.

Isitoshe, mwaka 1804 alitoa Wilhelm Tell, tamthilia ya Waswisi wanaojikomboa kutoka kwa liwali dhalimu. Aliiandika akiwa mgonjwa wa mapafu, akafa Weimar mwezi wa Mei 1805, na umri wake miaka 45 tu. Mwaka 1941 Hitler aliamuru tamthilia hiyo isiigizwe tena, wala isifundishwe shuleni.