John Boyd Dunlop: Daktari wa mifugo aliyelitia gurudumu upepo

Dereva anayetoka Bwera na shehena ya mpakani Mpondwe, akapita Kasese na Kitswamba kuelekea Fort Portal, huhesabu lita za mafuta kabla ya kuondoka. Asichokihesabu mara nyingi ni upepo uliomo katika matairi yake, ilhali upepo huo nao una sehemu katika gharama ya safari. Aliyeifanya dunia iukubali ni John Boyd Dunlop.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland. Alisomea udaktari wa mifugo, na mwaka 1867 akahamia Ireland, ambako alijijengea jina mjini Belfast kwa kutibu farasi.

Mwaka 1887 mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, yenye mpira mgumu usio na upepo, iliyomtikisa vibaya juu ya barabara za mawe. Dunlop akachukua mpira mwembamba, akaugandisha kuwa bomba, akaufunga kwa kitambaa kwenye duara la mbao na kuujaza upepo. Kisha akafanya jaribio uani: akalisukuma gurudumu la zamani, likasimama kabla ya kufika mwisho wa ua. Akalisukuma lile la upepo, likavuka ua wote na kugonga nguzo ya lango.

Jaribio hilo ndilo msingi wa hesabu ya mafuta hadi leo. Tairi lililojazwa sawasawa hukunjika kidogo tu linapogusa barabara. Lililopungua upepo hukunjika na kunyooka kila mzunguko, hupata joto, na nguvu inayopotea katika joto hilo hutolewa na injini. Kwa gari dogo, ugumu wa tairi kubingirika ukipungua kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta hupungua kwa asilimia 1 hadi 2.

Dunlop alipata hataza mwezi Desemba 1888. Mwezi Mei mwaka uliofuata, mwendesha baiskeli Willie Hume alishinda mashindano mjini Belfast akitumia matairi hayo, na waliokuwa wakiyacheka wakaanza kuyatafuta. Lakini mwaka 1890 Dunlop aliarifiwa kwamba hataza yake haikuwa halali: Mskochi mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilohilo mwaka 1845. Kampuni iliendelea kukua mikononi mwa wafanyabiashara wengine. Dunlop alijitoa mwaka 1895, na utajiri mkubwa uliotokana na jina lake ukawaendea watu wengine. Mwaka huohuo ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi wakiwa na gari lililofungwa matairi ya upepo.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama nyingine, iliyolipwa ng'ambo ya milima ya Rwenzori. Baiskeli na magari vilihitaji mpira, na bei yake ikapanda. Katika misitu ya bonde la mto Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi mwaka 1908, wanakijiji walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira. Wake zao walishikwa mateka, watu walikatwa mikono, na vijiji vilichomwa moto. Dunlop hakuwa mtawala huko wala hakutoa amri hizo, lakini historia ya tairi haikamiliki bila watu hao.

Alifariki dunia mjini Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na umri wa miaka 81.

Somo la uani kwake bado linamfaa mwenye gari au bodaboda. Anayebadilisha matairi azingatie ukubwa uliowekwa na mtengenezaji, na akumbuke kwamba matairi mapana yenye meno makubwa, yanayofaa katika tope la milimani, hula mafuta zaidi kwenye lami. Naye asiye na fedha za matairi mapya anaweza kuanza na lililo rahisi: kupima upepo tairi likiwa bado baridi, kabla ya safari.