Felkin na kisu cha Bunyoro: Somo kwa mama aliyepangiwa upasuaji

Kama unaishi Vudee, Chome, Mbaga au Mamba, na daktari amekuandikia kwenye kadi ya kliniki tarehe ya kujifungua kwa upasuaji, makala ya wiki hii ni yako. Ni ya mumeo pia, na ya mama mkwe ambaye huenda ameshasema kuwa kupasuliwa ni mambo ya siku hizi yaliyoletwa na Wazungu, na kwamba mwanamke hasa husukuma mwenyewe.

Leo sianzi na orodha ya maelekezo. Nitakusimulia kwanza maisha ya mtu aliyefariki takriban miaka 100 iliyopita, Robert William Felkin. Si yeye aliyeshika kisu. Kazi yake ilikuwa kutazama, kuandika na kuchora, na alichokiona hapa hapa Afrika Mashariki kinakuhusu wewe unayehesabu siku.

Mwanafunzi aliyesafiri kabla ya kuhitimu

Felkin alizaliwa Uingereza mwaka 1853. Alikua katika miaka ambayo habari za safari za David Livingstone zilisomwa kila nyumba kule kwao, naye zikamwingia moyoni. Mwaka 1876 alianza masomo ya udaktari Edinburgh, Uskoti. Kabla hajahitimu, mwaka 1878, alijiunga na kundi la wamisionari wa Church Missionary Society waliotumwa Buganda.

Wamisionari waliotangulia walipitia Zanzibar na kukata bara hadi Ziwa Victoria. Kundi la Felkin lilipita kaskazini, kwa njia ya Khartoum na mto Nile. Mwanzoni mwa mwaka 1879 alifika kwa Kabaka Mutesa, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa, na akawa miongoni mwa waliomhudumia.

Mwaka huo huo alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo. Alikuwa na miaka 26. Huko aliingia kwenye kibanda ambamo mwanamke wa miaka kama 20, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa anasubiri kupasuliwa ili mtoto atoke.

Alichokiona Kahura

Fuatana nami taratibu, maana kila hatua ina maana kwako.

Mama alikuwa amelazwa kitandani, kichwa upande wa ukuta. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, ili maumivu yapungue. Alifungwa kifuani na mapajani kwa nguo ya magome ya mti asije akajitikisa. Mtu mmoja alimshika miguu, mwingine akasimama kuume kwake na kumtuliza tumbo. Mganga mwenyewe alisimama kushoto.

Kwanza alinuizia maneno. Kisha akanawa mikono na kuosha tumbo la mama, mara ya kwanza kwa pombe ya ndizi, mara ya pili kwa maji. Baada ya hapo akachana upesi katikati ya tumbo, kutoka chini ya kitovu hadi karibu na kinena. Msaidizi aligusa sehemu zilizotoka damu kwa chuma cha moto, kidogo tu. Mfuko wa uzazi ukafunguliwa, mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa, na mtu mwingine akampokea.

Mganga akaweka kisu chini na kuukamata mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, akauminya ili usinyae. Akapanua mlango wa kizazi kwa ndani, akatoa kondo la nyuma na mabonge ya damu, na akaendelea kuubana hadi ukawa mgumu. Mama akageuzwa ubavu ili maji na damu vilivyobaki tumboni vitoke. Ndipo kidonda kikafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikakazwa kwa nyuzi za magome ya mti. Juu yake wakaweka dawa ya mizizi, jani la mgomba lililopashwa moto, na bandeji imara.

Saa mbili baadaye mtoto aliwekwa kwenye titi. Maziwa ya mama yalikuwa machache kwa siku kumi za mwanzo, hivyo rafiki yake alimsaidia kunyonyesha. Usiku wa pili mama alipata homa, ikashuka. Kidonda kilisafishwa siku ya tatu na pini moja ikatolewa, siku ya tano zikatolewa tatu, na siku ya sita zilizobaki. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Mama alikuwa hai, mtoto alikuwa hai.

Kwa nini Ulaya walishangaa

Kumbuka hali ya Ulaya wakati huo. Wanawake wengi waliopasuliwa wakati wa kujifungua walikufa kwa damu au kwa kidonda kuoza. Madaktari waliogopa kisu, wakasubiri hadi mama ameteseka kwa uchungu kwa siku nyingi, ameishiwa nguvu na ameshapata maambukizi. Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1847 kwamba kunawa mikono huokoa wazazi, na Joseph Lister alikuwa ameeleza mwaka 1867 namna ya kuua vijidudu kwenye vidonda, lakini wengi walikuwa bado wanabisha.

Felkin aliporudi Uskoti alimaliza shahada yake mwaka 1884, na mwaka huo huo akawasilisha maelezo na michoro yake kwa madaktari wa uzazi wa Edinburgh. Tazama kilichokuwa mbele yao: mganga wa Bunyoro alinawa, alikuwa na kitu cha kupunguza maumivu, alidhibiti damu, alikuwa na wasaidizi ambao kila mmoja alijua kazi yake, na alimfuatilia mama hadi siku ya 11. Ni wazi kwamba kazi hiyo haikuwa ya kubahatisha.

Felkin aliendelea kufundisha magonjwa ya nchi za joto pale Edinburgh na kuandika vitabu. Baadaye maisha yake yalielekea kwenye vyama vya mambo ya siri na elimu ya rohoni, na mwaka 1916 alihamia New Zealand. Alifariki huko mwaka 1926. Mengi aliyoyafanya yamesahaulika. Kibanda cha Kahura hakijasahaulika. Jina la yule mganga na la yule mama hakutuachia, na hilo ni pengo linalouma.

Basi mtu akikuambia upasuaji wa uzazi ni jambo la kigeni, mwambie ulifanyika nchi jirani kabla hatujawa na hospitali. Lakini usipotoshwe upande wa pili pia. Felkin aliona mama mmoja aliyepona. Mfuko wake wa uzazi haukushonwa, na ni hatari kubwa iliyopita salama. Ni Max Sänger wa Ujerumani aliyewashawishi madaktari, mwaka 1882, kuushona mfuko wa uzazi. Makundi ya damu yalijulikana mwanzoni mwa karne ya 20, na dawa za kuua vijidudu zikafuata. Leo unavyo vyote hivyo. Usikubali pombe, mizizi wala majani yachukue nafasi yake.

Sasa zamu yako

Mama wa Kahura alipona kwa sababu watu walikuwa tayari kabla kisu hakijaguswa. Wewe pia jiandae hivyo, na uanze wiki kadhaa kabla ya tarehe.

Jua sababu. Muulize daktari kwa nini umepangiwa upasuaji: je, ni mtoto aliyelala vibaya, kondo lililotangulia mbele, kovu la zamani, au nyonga? Uliza pia utapewa ganzi ya mgongo au nusu kaputi. Wengi hupewa ganzi ya mgongo, wakawa macho na kumsikia mtoto akilia. Kama hakuna dharura, upasuaji hupangwa karibu na wiki ya 39 ili mapafu ya mtoto yakomae, kwa hiyo usiombe uharakishwe kwa sababu ya sherehe au safari ya mume.

Andaa damu. Pima wingi wa damu na kundi lako mapema. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku kama ulivyoelekezwa. Tafuta ndugu wawili au watatu walio tayari kuchangia, na wajue siku ya kwenda. Kumtafuta mchangiaji wakati mama yuko tayari mezani ni kuchelewa.

Shuka mlimani mapema. Hili ndilo kubwa kwetu sisi wa Upare. Wakati wa masika barabara za milimani huteleza, na gari linalopanda asubuhi huenda lisishuke jioni. Iwe umepangiwa Hospitali ya Wilaya mjini Same, Gonja, au KCMC kule Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same, usisubiri siku yenyewe. Uliza kituoni ni siku ngapi kabla unatakiwa kuwa karibu, kisha lala kwa ndugu mjini au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo. Nauli, bima na fedha za matumizi ziwekwe kando. Amueni mapema nani ataongozana nawe na nani atabaki na watoto.

Uchungu ukianza au chupa ikipasuka kabla ya tarehe, au ukiona damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Tarehe kwenye kadi si ruhusa ya kungoja. Mwenye kovu la zamani ndiye asiyepaswa kungoja hata kidogo, maana kovu linaweza kuachia. Toa taarifa zahanati, au piga 115 bila malipo upate usafiri wa dharura wa m-mama. Na usinywe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu.

Siku moja kabla. Oga vizuri jioni na asubuhi. Usinyoe nyumbani, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo inayoingiza vijidudu. Wahudumu watafanya wenyewe ikihitajika. Ondoa rangi ya kucha, hereni na pete. Kwa kawaida huruhusiwi kula kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na hata maji yana muda wake wa mwisho. Fuata ulichoambiwa hapo hospitali. Ukila kwa siri, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Taja kila dawa unayotumia, ikiwemo ya mitishamba, na dawa yoyote iliyowahi kukudhuru.

Fomu ya ridhaa. Isome, au usomewe, kabla ya kusaini. Kama mnataka kufunga kizazi, zungumzeni nyumbani na kliniki mapema. Uamuzi huo usifanywe juu ya meza.

Baada ya upasuaji. Utakuwa na dripu na mpira wa mkojo kwa muda. Mwombe muuguzi akusaidie kumnyonyesha mtoto ndani ya saa ya kwanza, hata ukiwa umelala ubavu. Maziwa yakichelewa usikate tamaa. Endelea kumweka mtoto kwenye titi na uombe msaada. Siku hizi hatumpi rafiki anyonyeshe kama Kahura, kwa sababu maambukizi, ikiwemo VVU, yanaweza kupita kwenye maziwa. Inuka na kutembea taratibu mara utakaporuhusiwa, ili damu isigande miguuni.

Nyumbani, ndoo ya maji, mzigo wa kuni na gunia la tangawizi viachwe kwa wengine kwa muda wa wiki 6. Baba, hapa ndipo kazi yako. Yule mama wa Bunyoro alikuwa na watu wa kumshika. Wa kwako naye awe nao.

Rudi hospitali haraka ukiona homa, kidonda kuvuja usaha au kuachia, damu nyingi au yenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa, kuvimba mguu mmoja, au kupumua kwa shida.

Kabla ya mimba nyingine, pumzika angalau mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na uongee na mhudumu kuhusu uzazi wa mpango. Mimba ijayo usijifungulie nyumbani wala zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, hata ukijisikia mzima.

Na wewe uliyejifungua kwa upasuaji, ukiambiwa hukuzaa, kumbuka yule binti wa miaka 20 aliyelala kitandani Kahura mwaka 1879. Felkin alishuhudia kwamba hakulia hadi pini zilipoanza kupenya. Hakuna aliyetoka kwenye kile kibanda akasema hakuzaa.