Edison: mutu wa ampuli, mutu wa fizibi

Kila mufanyakazi wa shimo anajua ile sauti: tak! Kibutoni kinaruka mu kofre, pompi inasimama, taa zinazimika, na shefu wa ekipi anaanza kuita eletrisie aje mbio. Wengine wanakasirika sawa vile mashini imewatukana. Kumbe ile tak njo imewaponyesha. Umeme ulikuwa unapita mingi kuliko waya iliweza kubeba, na kitu fulani kilikata njia mbele moto haijawaka.

Leo tunaeleza maisha ya Thomas Edison. Jina lake mulilisikia ku masomo, juu ya ampuli. Lakini kazi yake ya kukata umeme uliozidi, ile wachache wanaijua, na sisi watu wa mashini njo inatugusa zaidi.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa pili 1847, pa Milan, mu jimbo la Ohio, ku Marekani. Alikuwa mutoto wa mwisho kati ya saba. Mu mwaka ule ule, Mufaransa mumoja jina lake Bréguet alishauri watu wa telegrafu waweke kipande cha waya nyembamba pa kuingilia nyumba, ili radi ikipiga, ile waya iyeyuke na mashini ibakie muzima. Kwa hiyo tusiseme Edison alianza yote peke yake. Ila Bréguet aliwaza radi. Edison alikuja kuwaza nyumba za watu, na watoto wanaolala ndani.

Ku masomo alikaa miezi michache tu. Mama yake Nancy, ambaye mbele alikuwa mwalimu, njo alimufundisha nyumbani. Masikio yake yalikuwa mabaya tangu utoto. Akiwa na miaka 12 alianza kuuza magazeti na bonboni mu treni kati ya Port Huron na Detroit. Mu wagoni ya mizigo akajipangia chupa za dawa zake za kujaribu-jaribu, mpaka siku moja moja ya zile dawa ikaanguka chini na kuwasha mbao. Wakamutupa inje pamoja na chupa zake. Mu 1862, pa gari ya Mount Clemens, aliokoa mutoto mudogo wa shefu wa gari aliyekuwa anacheza ku reli wakati wagoni inakuja. Baba ya ule mutoto hakuwa na mali ya kumupa. Akamulipa kwa kumufundisha telegrafu. Kutoka hapo Edison alizunguka miji mingi akifanya kazi ya telegrafu, na usiku anafungua mashini kuona ndani kuko nini.

Mu 1876 alijenga nyumba yake ya kazi pa Menlo Park, mu New Jersey. 1877 akatoa fonografu, mashini ya kushika sauti ya mutu, na jina lake likaenda mbali. Ndipo akaingia mu mambo ya taa. Mwezi wa kumi 1879 yeye na watu wake walipata ampuli ya uzi wa makaa iliyowaka masaa mingi bila kuungua, na tarehe 31 mwezi wa 12 watu walijaa treni kwenda Menlo Park kujionea kwa macho.

Hapa wengi wanamalizia hadisi. Sisi hapa njo tunaanza. Ampuli moja juu ya meza si kitu. Edison alitaka kuuza umeme mu kartie nzima, kama vile gazi ilikuwa inauzwa wakati ule kwa taa: njia moja kubwa chini ya barabara, na matawi yanaingia mu kila nyumba. Sasa fikirini. Mu nyumba moja, waya mbili zinagusana, ao panya anakula plastiki (wakati ule haikuwa plastiki, ilikuwa nguo tu yenye kufungwa juu ya shaba). Umeme hauna tena ampuli ya kuuzuia. Unarudi mbio pale ulipotoka. Na joto ya waya haipande polepole: ukiongeza umeme mara mbili, joto inakuwa mara ine, ukiongeza mara tatu, joto inakuwa mara kenda. Ku ukuta wa mbao, ile ni kiberiti. Tena shida haibakie kwa mwenye nyumba: majirani wote wamefungwa ku njia moja, na mashini ya kutoa umeme inaweza kuharibika yote kwa kosa la mutu mumoja.

Basi mbele hajauza umeme kwa nyumba hata moja ya ile kartie, Edison alikuwa ameisha kufikiri namna ya kukata. Mawazo yake yalikuwa mawili. Mu maandiko aliyopeleka ku serikali mu 1879 ya kuomba haki ya kazi yake, alieleza namna ya kukata njia na mashini yenyewe, umeme ukizidi. Ile ni babu ya dijonkteri tunayoijua. Lakini alipokuja kujenga kweli, alichagua wazo la pili: kipande kifupi cha waya yenye kuyeyuka mbio kuliko shaba. Kibali chake kilitoka mwezi wa tano 1880. Ile waya nyembamba ilifungwa ndani ya kifuniko kisichopitisha umeme, ili matone ya chuma cha moto yasianguke ku tapi ao ku mbao. Umeme ukizidi, waya inayeyuka, njia inakatika, nyumba moja inaingia mu giza na zingine zinaendelea kuwaka. Njo fizibi.

Juu ya nini alichagua fizibi? Kwa maoni yangu, ni juu ya bei na urahisi. Haina risorti, haina kitu cha kukwama, na inaweza kuwekwa pa kila tawi. Ubaya wake ni kwamba ikiisha kuyeyuka, lazima kutia ingine. Na pale njo ubishi wa watu unaingia. Namuelewa mutu asiye na feza ya fizibi mupya, anakata waya nzito ya shaba na kuifunga pahali pale. Taa inawaka, ndiyo. Lakini amefunga mulango wa kutokea. Siku waya zitagusana, kitakachoyeyuka ni waya ya ndani ya ukuta, si fizibi.

Tarehe 4 mwezi wa tisa 1882, saa tisa za mchana, mashini za Pearl Street, ku New York, zilianza kutuma umeme. Kila mashini ilikuwa na uzito wa tani 27 hivi. Taa za kwanza zilikuwa karibu 400. Edison mwenyewe alikuwa mu biro ya tajiri J. P. Morgan, na pale njo aliwasha. Waya zote zilizikwa chini ya barabara mu mabomba ya chuma, na shaba iliyoingia humo ilikuwa mingi sana. (Haikuwa shaba ya kwetu: furu ya Lubumbashi ilianza kutoa shaba mu 1911.) Bei ya ile shaba ilimusumbua mpaka akatafuta namna ya kutumia waya tatu pahali pa kutumia jozi mbili, akapunguza shaba kwa zaidi ya nusu.

Mambo hayakuwa malaini. Mu barabara moja, umeme ulitoroka chini ya mawe na kutetemesha farasi waliopita. Mu nyumba ya tajiri Vanderbilt, waya ziligusana nyuma ya karatasi ya ukuta iliyokuwa na nyuzi za chuma ndani, na ukuta ukaanza kutoa moshi. Edison aliamuru mashini izimwe, na moto ikafa. Lakini mama mwenye nyumba, aliposikia kama mashini yenyewe iko inafanya kazi chini ya nyumba yake, hakutaka tena kusikia kitu, wakangoa yote. Kwa Morgan vilevile, waya iliunguza meza na tapi mu chumba chake cha vitabu. Yeye hakungoa. Aliagiza watengeneze upya.

Zaidi ya hapo Edison alikosea pia, na tusifiche. Alishika sana umeme wenye kwenda upande mumoja tu, ambao wakati ule haukuweza kufika mbali, na alipigana vibaya na Westinghouse aliyeuza umeme wenye kugeuka-geuka. Mu nyumba yake ya kazi waliua nyama kwa umeme ili kutisha watu. Alishindwa, na vizuri vile: wakati ule umeme wa kugeuka-geuka njo uliweza kubebwa mbali kwa bei ndogo.

Kisha akaingia mu kazi yetu. Pa Ogdensburg, mu New Jersey, alifungua kariere ya chuma. Alitaka kusaga mawe kabisa na kutoa chuma kwa nguvu ya sumaku, juu mawe ya pale yalikuwa na chuma kidogo. Alijenga magudumu ya kuponda mawe ya tani tano ao sita. Miaka karibu kumi alikaa mu vumbi pamoja na wafanyakazi, akatia karibu milioni mbili za dolari. Halafu kukaonekana chuma tajiri na cha bei ndogo pa Mesabi, mu Minnesota, na kariere yake ikakufa. Mwanzo wa miaka ya 1900 alienda tena ku Kanada, karibu na Sudbury, kutafuta nikeli. Walichimba shimo, muchanga wa maji ukawarudisha, wakaacha. Nikeli ilikuwa pale pale; wengine njo waliikuta kisha.

Ile nikeli aliitafutia batri yake ya nikeli na chuma. Na ile batri njo ilileta kitu ambacho mushimbaji anapaswa kukumbuka kuliko ampuli: taa ya kofia. Mbele yake, watu wa makaa walishuka na taa za mafuta zenye moto wazi, na gazi ya shimo ikikutana nayo, ekipi nzima inapotea. Taa ya Edison ilitoka mu 1914: batri ku mukaba, kable inapanda mugongoni, ampuli ku kofia, mwangaza wa kutosha kwa poste nzima. Na angalieni, wazo la kukata liko humo pia: ampuli ilishikwa na risorti, ili kioo kikivunjika, umeme ukatike palepale na uzi wa moto usikutane na gazi. Mwaka ule ule walimupa medayi ya Rathenau kwa ile kazi.

Wazo lake la 1879, la kukata bila kuyeyusha kitu, lilingojea wengine. Ku Ujerumani, pa Mannheim, injenieri Hugo Stotz njo alilikamilisha. Kampani ya Brown, Boveri iliandikisha ile kazi mu 1924. Ndani kuko vitu viwili: kipande cha metali mbili kinachopinda kikipata joto, kwa umeme unaozidi polepole; na sumaku, kwa waya zinazogusana mara moja. Ilikuwa inafungwa kwa kuzungusha pahali pa fizibi ya zamani, na mutu anairudisha kwa kufinya kibutoni. Ile njia ya kuzungusha ilikuwa ya Edison: mukiangalia ampuli ya nyumbani iliyoandikwa E27, ile E ni yeye, na 27 ni upana wa milimetri.

Edison alikufa tarehe 18 mwezi wa kumi 1931, pa West Orange, akiwa na miaka 84 na vibali 1093 ku Marekani. Watu walitaka umeme ukatwe kwa dakika moja mu inchi nzima, kwa kumuheshimu. Wakaona haiwezekani: hospitali, pompi, gari za reli, vitu mingi sana vilikuwa vimefungwa humo, na watu wangekufa. Prezida Hoover akaomba tu kila mutu azime taa zake mwenyewe. Basi tarehe 21, siku ya kumuzika, saa ine za usiku, watu walisimama mu nyumba zao, kila mutu pa kibutoni chake, wakazima.