Wilson Kinyonga: Simba aliyeanzia Arusha, akangurumia Nairobi

UKIZITAJA bendi za muziki wa dansi zilizotamba Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980, huwezi kuliacha jina la Simba Wanyika. Vibao vyake bado vinapigwa katika kumbi za muziki wa zamani na redioni, pande zote mbili za mpaka wa Namanga.

Hata hivyo, wapenzi wengi wa bendi hiyo hawafahamu kwamba waasisi wake hawakuwa Wakenya, na kwamba bendi ya kwanza waliyoianzisha wenyewe ilizaliwa chini ya Mlima Meru na kupewa jina la Arusha Jazz.

Kiongozi wake alikuwa Wilson Peter Kinyonga, mtunzi, mwimbaji na mcharazaji wa gitaa la solo aliyefariki dunia mwaka 1995. Maisha yake ni simulizi ya kipaji ambacho nchi yake ilikilea, lakini haikuwa na nyenzo za kukibakiza nyumbani.

Wilson na mdogo wake, George Peter Kinyonga, walitokea Tanga, mji ambao katika miaka ya 1960 ulikuwa na ushindani mkali wa muziki wa dansi kati ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Mwaka 1966 ndugu hao walijiunga na Jamhuri Jazz, na huko ndiko walikoiva.

Mwaka 1970 waliiaga Tanga na kuhamia Arusha. Wakaungana na ndugu yao mwingine, William Kinyonga, na kuunda Arusha Jazz. Neno Jazz halikuwa na uhusiano mkubwa na muziki wa Wamarekani weusi. Lilikuwa desturi ya wakati ule, kama ilivyokuwa kwa Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz, ambazo zote zilipiga rumba yenye asili ya Kongo na Cuba kwa mashairi ya Kiswahili.

Arusha ya wakati huo haikuwa mji mdogo kwa heshima. Ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967, na barabara yake ya kaskazini ilifika mpakani Namanga baada ya kilomita zaidi ya 100 tu, kisha ikaendelea hadi Nairobi.

Barabara hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa mwanamuziki. Tanzania ilikuwa na studio za redio ya taifa, ambako bendi zilirekodi nyimbo kwa ajili ya kutangazwa hewani, lakini haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka wimbo wake uuzwe dukani alilazimika kwenda Nairobi, yalikokuwa makampuni ya kurekodi na mitambo yake.

Ndiyo maana Arusha Jazz haikudumu. Mwaka 1971 akina Kinyonga walivuka mpaka na kuingia Mombasa, wakaunda Simba Wanyika kwa kuwachanganya wanamuziki wa Tanzania na Kenya. Baadaye bendi ilihamia Nairobi, na jina la Arusha likabaki nyuma.

Muziki wao ulitambulika upesi. Gitaa la solo la Wilson lilikuwa laini na lenye kutiririka, gitaa la rithimu halikukubali kuwa msindikizaji tu, na besi ilijibu kwa mapigo yake yenyewe. Juu ya ala hizo palikuwa na Kiswahili fasaha cha pwani, kilichozungumzia mapenzi, fedha na misukosuko ya ndoa.

Santuri ndogo za siku hizo ziliwalazimisha kuugawa wimbo mara mbili. Upande wa kwanza ulibeba mashairi na kusimulia kisa, na upande wa pili mara nyingi uliachiwa magitaa, ili wachezaji wajimwage ukumbini.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Njia ileile iliyomfikisha Wilson kwenye santuri ikawa ukuta kati yake na nyumbani.

Mwaka 1978 pigo likatokea ndani ya bendi yenyewe. Kundi la wanamuziki muhimu, akiwemo mpiga gitaa la rithimu Omar Shabani, lilijitoa na kuunda Les Wanyika, ambayo ilitikisa Afrika Mashariki kwa kibao cha Sina Makosa. Mwaka 1980 George naye alianzisha kundi lake, Orchestra Jobiso. Issa Juma, mwimbaji mwingine, akaja na Super Wanyika.

Kiongozi mwingine angekata tamaa. Wilson alikusanya vijana wapya, akawafundisha mtindo uleule na kuendelea kurekodi. Katika miaka ya 1980 zilifuata albamu kama Shilingi na Haleluya, zikishindana na benga ya Wajaluo na makundi ya Wakongo yaliyokuwa yamejaa Nairobi. Santuri ndefu zilimpa nafasi ya kuurefusha wimbo bila kuukata katikati, lakini uti wa mgongo wa muziki wake ulibaki kuwa magitaa.

Mwaka 1992, baada ya zaidi ya miaka 20 jukwaani, jina la Simba Wanyika lilifika Ulaya kupitia albamu ya Pepea, iliyotolewa Uholanzi. Humo baadhi ya nyimbo zao za zamani zilirekodiwa upya kwa mitambo ya kisasa. Kila uzi wa gitaa ulisikika, na wasikilizaji wa nje walipata kuufahamu muziki ambao Waafrika Mashariki waliukariri kitambo kwenye santuri zenye mikwaruzo.

Kwa bahati mbaya, mlango huo ulifunguliwa jioni. George alifariki dunia mwaka huohuo wa 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika haikuwa na mtu wa kuiinua tena.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha mwaka 1999, na makao yake makuu yapo mjini humo. Kenya inamhesabu Wilson miongoni mwa waliojenga muziki wake wa dansi, na ina haki. Lakini Arusha nayo ina deni la kukumbuka kwamba simba huyo, kabla ya kuunguruma ugenini, alibeba jina lake.