Beryl Markham na Upepo wa Mbisho
Kila nikipita na matatu pale uwanja wa farasi, Ngong Road, namkumbuka Bi. Beryl Markham, aliyeishi humo uzeeni. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya angali mtoto, akakulia Njoro kati ya farasi wa babake. Urubani alijifunzia hapahapa Nairobi.

Mnamo Septemba 1936 alitaka kuvuka Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi New York, yaani upepo unamjia usoni. Jamani, si mchezo! Siku kadhaa hali ya hewa ilimkatalia, ndege imekaa tu pale Abingdon. Tarehe 4 jioni, upepo ungali mkali, akaona liwalo na liwe. Akaruka. Usiku kucha ni giza na mvua. Baada ya zaidi ya saa 20 injini ikazimika, kumbe barafu imezuia petroli! Akaanguka kinamasini, Nova Scotia, Kanada. Pua ya ndege ilizama topeni, yeye akatoka na jeraha kichwani tu. New York alipelekwa na ndege nyingine.

Baadaye alirudia farasi wake, akashinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Alifariki Nairobi mwaka wa 1986.