Jung: Tabibu aliyechora siri za akili

MTOTO wa Kabiria, jijini Nairobi, akipewa karatasi na rangi huweza kuchora jambo ambalo ulimi wake hauthubutu kulitamka. Miongoni mwa walioifanya hali hiyo kuwa njia ya tiba ni Carl Gustav Jung, tabibu wa Uswisi aliyewahi kuizuru Kenya.

Jung alizaliwa Julai 26, 1875, kijijini Kesswil, akiwa mwana wa mchungaji. Mnamo 1900 alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mjini Zürich. Alisuhubiana na Sigmund Freud wa Vienna, lakini wawili hao walitengana mwaka 1913 kwa kutofautiana kuhusu ung'amuzi bwete, yaani sehemu ya akili ambayo mtu mwenyewe haitambui.

Mwaka huo huo alianza kuandamwa na njozi za kutisha, ikiwemo ya Ulaya iliyogharikishwa na damu. Alihofia kwamba alikuwa akirukwa na akili. Kwa kuwa mficha maradhi kifo humfichua, hakuzikimbia njozi hizo, bali aliziandika na kuzichora kwa takriban miaka 16. Zao lake, Kitabu Chekundu, lilichapishwa mwaka 2009, miaka 48 baada ya kifo chake.

Wagonjwa wake nao aliwahimiza wachore ndoto zao. Hakutafuta urembo. Alitaka hofu isiyo na umbo ipate sura, ili mwenye hofu aikabili.

Novemba 1925 alishuka Mombasa, akapanda garimoshi hadi Nairobi na kuzuru mbuga za Athi. Kisha alielekea Mlima Elgon, akaketi barazani na wenyeji na kuwauliza kuhusu ndoto. Laiboni mmoja mzee, machozi yakimlengalenga, alimweleza kwamba zamani ndoto ziliwaonya kuhusu vita, maradhi na mvua. Tangu Wazungu waje, zilikuwa zimekoma, kwani sasa Waingereza ndio waliojua kila kitu.

Jung hakukosa doa. Aliwatazama Waafrika kama watu wa kale wasiobadilika, fikra ya kikoloni ambayo wasomi wameikosoa vikali. Hata hivyo, kilio cha laiboni alichokihifadhi kinashuhudia kwamba anayepokonywa mamlaka huweza kupokonywa hata ndoto.

Alifariki Juni 6, 1961, mjini Küsnacht, akiwa na umri wa miaka 85. Kufikia wakati huo, wataalamu kama Margaret Naumburg wa Marekani walikuwa wamekwisha kuijenga tiba ya sanaa kuwa taaluma.