Codd: Alibuni majedwali, faida wakavuna wengine

BENKI nyingi zinapotafuta salio la mteja, zinatumia wazo la Mwingereza Edgar Codd, aliyefariki dunia Florida, Marekani, Aprili 18, 2003, akiwa na miaka 79.

Alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, akasoma hisabati na kemia Oxford na kurusha ndege za kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye aliajiriwa na IBM nchini Marekani. Mwaka 1953 alihamia Kanada kwa kuchukizwa na Seneta McCarthy, aliyewaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti. Alirejea mwaka 1957.

Miaka ya 1960 kumbukumbu za kompyuta zilipangwa kama mti. Chukua chama cha msingi cha kahawa: shina ni kijiji, tawi ni mkulima, vijitawi ni mizigo yake. Kuuliza malipo ya mkulima mmoja ni rahisi. Lakini ukitaka kahawa yote ya daraja la kwanza, mtaalamu lazima aandike programu ya kupita tawi kwa tawi. Mpangilio ukibadilika, programu hiyo haifai tena.

Mwaka 1970 Codd alipendekeza majedwali: moja la wakulima, jingine la mizigo, yakiunganishwa kwa namba ya mwanachama. Mtumiaji aseme anachotaka. Njia ya kukipata ni kazi ya kompyuta.

IBM haikuwa na haraka, kwani tayari ilikuwa ikiuza IMS, mfumo wa mti. Watafiti wake walijenga mfumo wa majaribio na lugha ya SQL, wakachapisha waziwazi. Kampuni changa ya Larry Ellison, ambayo leo ni Oracle, ikasoma na kuingia sokoni mwaka 1979. IBM ilifuata mwaka 1981, mwaka ambao Codd alipata Tuzo ya Turing. Ellison akawa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani. Kwa maoni yangu, IBM ilijinyima yenyewe.

Codd hakuridhika hata na SQL. Mwaka 1985 alitoa kanuni 12 za kupima bidhaa zilizojiita za majedwali (kwa kweli ni 13, kwa sababu alianza kuhesabu na sifuri).

Hakuwahi kuona Google mwaka 2006 na Amazon mwaka 2007 zikieleza mifumo isiyofuata kanuni hizo, iliyosambaza taarifa kwenye mashine nyingi sana. Wanafunzi wa fani hiyo sasa husoma yote mawili. Google yenyewe, katika mfumo wake wa Spanner, baadaye iliirudia SQL.